UGONJWA UNAOMKUNJA MTU

Bila shaka umepata kuliona jambo hili, au walau kulisikia. Mtu mzima mwenye afya alikuwa jana shambani akipalilia maharage. Usiku akashikwa na homa. Kulipokucha hawezi kufunga vifungo vya shati, hawezi kushika kikombe cha uji, na akitaka kutoka nje hutembea ameinama kama mzee wa miaka themanini. Ukimtazama mwilini huoni jeraha. Hakuanguka wala hakupigwa. Mkewe anaogopa, majirani wananong'ona, na kabla jua halijatua amekwisha tajwa mtu aliyemroga.

Ndiyo maana yafaa tuzungumze juu ya maradhi yashikayo viungo kwa ghafula. Wako ndugu walioacha kusalimiana, na jirani aliyehama kwa kuchoka kutazamwa vibaya, na chanzo cha yote kilikuwa mbu aliyezaliwa katika pipa la maji.

Huku kwetu Buha, toka Kibondo hata Kasulu, maumivu ya viungo yana jina moja tu, baridi yabisi. Mzee akilalamikia magoti, ni baridi yabisi. Kijana akivimba kifundo cha mguu, ni baridi yabisi, na lawama huenda kwa ukungu wa asubuhi. Homa nayo ina jina moja, malaria. Basi mtu akipatwa na homa na maumivu ya viungo pamoja, huambiwa anayo yote mawili, humeza dawa za namna mbili, na mazungumzo huishia hapo. Lakini ziko homa ambazo kazi yake hasa ni kushika viungo, na moja ya homa hizo imepata jina lake hapa hapa Tanzania. Leo jina hilo latamkwa na madaktari wa dunia nzima, nao hulitamka kwa shida.

Jina lililotoka Newala

Habari yenyewe yaanza mbali nasi, pembe ya kusini mashariki, katika wilaya ya Newala karibu na mto Ruvuma. Mwaka 1952 watu wa nyanda za juu za Makonde walianza kuugua homa wasiyoizoea. Ilikuja ghafula, ikapanda sana, na pamoja nayo yalikuja maumivu makali ya vidole, vifundo vya mikono, vifundo vya miguu na magoti. Wengi walitokwa na vipele. Nyumba moja ilipopata mgonjwa, hazikupita siku nyingi akaongezeka wa pili na wa tatu. Homa iliondoka baada ya siku chache, lakini viungo havikupona pamoja nayo. Wako walioendelea kuumwa kwa miezi.

Madaktari waliokwenda kutazama walidhani kwanza ni homa ya dengi, kwa kuwa dengi nayo huleta homa kali, vipele na maumivu ya mwili. Wamakonde hawakuwa na habari za dengi. Wao walitazama mtu alivyokuwa, wakaita ugonjwa ule chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kinachokunja, kinachompinda mtu.

Ngoja kidogo hapa, msomaji. Katika jina hilo moja mna uchunguzi mzima. Homa huleta wengi, na vipele huleta wengi. Kilichoutenga ugonjwa huu na dengi ni kule kukunjika, yaani viungo, na wanakijiji ndio waliokisema. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, na Daktari W. H. R. Lumsden akaandika jinsi ulivyoenea toka kijiji hata kijiji. Maandishi yao yalitolewa mwaka 1955, na jina walilolichukua ni lile la wenyeji. Vitabu kadha vya ng'ambo vimeandika kwamba ni neno la Kiswahili. Si kweli, na Wamakonde wana haki ya kudai mali yao.

Damu ya wagonjwa ilipelekwa Entebbe, Uganda, penye nyumba ya uchunguzi wa virusi ya Afrika Mashariki. Virusi ni vijidudu vidogo mno, hata darubini ya kawaida haivioni. Huko mtaalamu aitwaye R. W. Ross aliitia damu ile katika vitoto vya panya, na kwa njia hiyo akakipata kirusi chenyewe. Mwaka 1956 alitoa habari zake, na tangu hapo ikajulikana kwamba chikungunya ni ugonjwa wa peke yake, wala si dengi.

Lakini kwa nini Newala? Ukifika juu ya uwanda wa Makonde utaona udongo wa mchanga unaonywa mvua yote, na mito haipo. Miaka ile akina mama waliteremka mabondeni kuteka maji, kisha wakapanda tena na mizigo yao kichwani. Maji yaliyopatikana kwa taabu hivyo hakuna aliyeyamwaga. Yaliwekwa nyumbani siku nyingi katika mitungi na vyombo vingine. Na ndani ya maji hayo ya akiba, yaliyotulia kivulini, mbu aitwaye Aedes alitaga mayai yake. Si uchafu uliowaponza watu wale, ni uhaba wa maji. Nalitaja hili kwa sababu wako wenye tabia ya kumwambia kila mgonjwa kwamba ni mchafu.

Wa Acholi nao walikuwa na jina lao

Miaka saba baadaye, mwaka 1959, jambo la namna hiyo hiyo lilitokea kaskazini ya Uganda katika nchi ya Waacholi. Homa, vipele, na viungo vyenye maumivu makali. Watu waliuita o'nyong-nyong, na maana yake, kama ilivyoelezwa na wenyewe, ni kulegea kwa viungo. Mara hii pia wataalamu wa Entebbe walikuta kirusi kipya, ndugu wa karibu wa kile cha Newala. Tofauti yake kubwa ni mbu wake. O'nyong-nyong huchukuliwa na Anopheles, mbu yule yule wa malaria aumaye usiku, na kwa hiyo ulipita vijijini kama moto wa nyikani. Toka mwaka 1959 hata 1962 watu wapatao milioni mbili waliugua, katika Uganda, Kenya, Tanganyika na nchi nyingine jirani. Kisha ukatoweka kana kwamba haukuwapo. Ulirudi mwaka 1996 na 1997, kusini magharibi ya Uganda, ukavuka mpaka hata Bukoba. Toka Bukoba kuja kwetu si safari ya ajabu. Wachuuzi wengi huifanya.

Na tukirudi nyuma zaidi twakuta kisa cha Unguja. Toka Julai 1870 hata Januari 1871 mji ule ulipatwa na homa ya kukaza viungo, na watu wa Unguja waliiita kidinga pepo. Daktari mmoja Mwingereza aliyekaa huko, James Christie, aliiandika habari yake, na wazee walimwambia kwamba ugonjwa huo walipata kuuona zamani, yapata miaka hamsini nyuma. Wako wanaosema hata neno dengi limezaliwa na neno hilo kidinga, na mpaka leo twasema homa ya kidingapopo. Lakini mwaka 1971 mtaalamu Donald Carey aliyasoma upya maandishi ya zamani, akaona kwamba ugonjwa ule wa Unguja, kwa jinsi viungo vilivyouma na kukawia kupona, wafanana na chikungunya kuliko dengi.

Tazama majina yale matatu: kidinga pepo, chikungunya, o'nyong-nyong. Wa pwani, wa Ruvuma na wa Acholi hawakushauriana, na kila mmoja alitazama viungo vya mgonjwa. Wa Unguja peke yao ndio waliomtia pepo katika jina, nao tusiwacheke, maana huku kwetu mwaka huu huu wako watu wanaopelekwa kwa waganga wa ramli kwa ajili ya mikono iliyokakamaa.

Mwaka 2004 chikungunya ulipanda chombo. Ulianzia Lamu, pwani ya Kenya, wakati wa ukame ambapo watu, kama wale wa Newala, walikuwa wakiweka maji nyumbani. Watu walipopimwa damu ilionekana kwamba robo tatu ya wenyeji walikuwa wameupata. Ulifika Mombasa, ukaenda visiwa vya Komoro, na mwaka 2005 na 2006 ukashika kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua. Huko kirusi kilibadilika kidogo, kikaweza kuchukuliwa vyema na mbu wa namna nyingine. Ukaingia India, watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 2007 msafiri mmoja aliufikisha Italia, na mwishoni mwa 2013 ukavuka bahari kwenda visiwa vya Karibi na bara la Amerika. Mtu wa Brazili leo akiamka amekunjika, hutaja ugonjwa wake kwa Kimakonde.

Pengine wewe wasema, hayo ni ya pwani na ya ng'ambo. Basi nikupe habari ya bara. Mwaka 2007 na 2008 huko Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa hospitalini kwa sababu ya homa walichunguzwa kwa makini. Kati yao 528 walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria. Damu yao ilipopimwa vizuri, waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Na katika wagonjwa 700 waliopimwa virusi vya mbu, 55 walikuwa na chikungunya, wala hapakuwa na hata mmoja aliyeambiwa hivyo mwanzoni. Usinielewe vibaya. Moshi si Kigoma, na mkoa wetu una malaria nyingi, tena ya kuua. Mwenye homa apimwe malaria kwanza, na ikionekana atibiwe siku ile ile. Ninachosema ni juu ya yule ambaye kipimo kimesema hana, naye akarudi nyumbani akameza dawa za malaria vivyo hivyo, na wiki ya pili akameza tena.

Mambo ya kumwambia muuguzi

Sisi watu wa vijijini tuna desturi moja zahanatini. Twaulizwa, "Unaumwa nini?" Twajibu, "Mwili mzima." Jibu hilo halimsaidii mtu. Muuguzi ana wagonjwa arobaini wanaongoja kwenye benchi, naye hawezi kuona maumivu yako kwa macho. Wamakonde hawakusema mwili mzima. Mwambie ni viungo gani: vidole, vifundo, magoti, nyonga. Mwambie kama ni pande zote mbili au upande mmoja, kama yalianza usiku mmoja au yalikuja polepole, kama asubuhi ni vibaya kuliko jioni, kama ulitokwa na vipele, na kama kuna wengine nyumbani walioshikwa vile vile. Mwambie pia kama ulisafiri, au kama una mgeni aliyetoka pwani.

Maswali hayo si ya kupoteza wakati, maana si kila homa yenye viungo ni chikungunya, na nyingine ni za hatari zaidi. Mtoto wa shule aliyeumwa koo, na baada ya wiki mbili au tatu akaumwa goti, kisha goti likapoa na maumivu yakahamia kifundo, huyo aweza kuwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huacha viungo salama ikaharibu moyo. Sindano zake zipo, na akizipata mapema moyo huokolewa. Mtoto mdogo anayevimba viganja na nyayo, akalia ukimgusa, na macho yake yana manjano, apimwe seli mundu. Kiungo kimoja tu kilichovimba, chekundu, cha moto, na homa kali juu yake, chaweza kuwa na usaha ndani. Hicho hakingoji kesho, maana usaha hula mfupa. Na mtu anayeumwa mgongo mahali pamoja kwa miezi, akikonda na kutoka jasho usiku, achunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo. Baadhi ya vibiongo unavyoviona kwa wazee wetu havikuletwa na mizigo. Vililetwa na kifua kikuu ambacho hakuna aliyekijua, na leo dawa zake hutolewa bure.

Tukirudi kwa chikungunya, dawa ya kukiua kirusi chenyewe haipo. Chanjo ya kwanza ilipewa kibali Marekani mwaka 2023, lakini vijijini kwetu hatujaiona. Mgonjwa hupumzishwa, hupewa maji mengi, uji na matunda, na parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Aspirini, diklofenaki na ndugu zao zisitumike mpaka imejulikana kwamba si dengi, kwa kuwa mwenye dengi akimeza hizo aweza kutokwa na damu. Wauza duka wetu huzitoa kama peremende, na hilo yafaa tuwaambie wenyewe usoni. Sindano za kuua bakteria hazina kazi hapa. Kuchanjwa magoti kwa wembe ni kujiongezea ugonjwa wa pili.

Wengi hupona katika wiki chache. Wachache hufa, na hao mara nyingi ni wazee wenye maradhi mengine na watoto wachanga. Mama aliyeshikwa na homa hiyo siku za kujifungua asikae nyumbani hata kidogo, maana mtoto aweza kuipata wakati wa kuzaliwa na kuumwa sana. Lakini wako pia watu wazima ambao viungo huwauma mwaka, hata miaka, hasa waliopita umri wa makamo. Hawa ndio walio na taabu mbili. Kwa nje hawaonekani wagonjwa. Homa imekwisha, wanakula, wanacheka, lakini asubuhi vidole havikunjuki. Mume asema mke amekuwa mvivu, mkwe asema alikuwa mvivu tangu zamani. Mpe nafasi mtu kama huyo, na umrudishe kwa daktari, maana ziko dawa za kutuliza viungo vilivyokawia, na pengine ni ugonjwa mwingine wa viungo unaofanana na huu, unaohitaji matibabu ya peke yake.

Mbu wa nyumbani

Aedes ni mbu mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni. Huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri, na haruki mbali. Ukiumwa naye karibu na jiko lako, yaelekea alizaliwa karibu na jiko lako. Hataki bwawa wala mto. Hutaka maji yaliyotulia katika chombo: pipa la kukingia mvua, mtungi, ndoo iliyosahauliwa, tairi kuukuu nyuma ya nyumba, kopo lililotupwa migombani. Toka yai hata mbu kamili ni kama wiki moja au siku kumi. Kwa hiyo pipa lifunikwe kwa kitambaa au mfuniko usio na mwanya, na kila wiki limwagwe na kusuguliwa ndani. Kusuguliwa, si kumwagwa tu, maana mayai hubandikwa ukutani mwa chombo palipofika maji, nayo yaweza kukaa makavu miezi mingi, yakangoja mvua ijayo. Watoto wa shule wana macho makali ya kutafuta viluwiluwi. Wape kazi hiyo Jumamosi, wataifurahia kuliko kufagia.

Chandarua ni cha usiku, lakini mgonjwa mwenye homa alale ndani yake hata mchana wiki ile ya kwanza. Mbu akimwuma yeye, ndiye atakayempelekea kirusi mwingine wa nyumbani. Na mtoto anayelala mchana alale ndani yake vile vile.

Homa ikiisha, viungo visilazwe kabisa, maana vikilazwa hukakamaa. Mgonjwa aanze kwa kufumba na kufumbua vidole ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni. Kisha apukuchue mahindi kidogo, achambue maharage, akamue kitambaa. Apige magoti akiweza kuinuka mwenyewe, asipoweza akae. Jembe lingoje mpaka mkono uweze kulikamata bila kutetemeka, na kwa wengine hiyo ni miezi mitatu. Msimu wa kupanda ukiingia kabla ya hapo, ndugu na majirani wamlimie.